Mkaa wa Katuruka

Miti ya Bukoba haihesabu miaka vizuri. Ili mti uache pete inayosomeka ndani ya shina, lazima usimame kukua kwa muda: kwa sababu ya baridi, kama Ulaya, au kwa sababu ya kiangazi kirefu, kama kwenye miombo ya Tabora na Kigoma. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hata kati ya masika na vuli ziwa halikosi kuleta mawingu. Mti wa hapo hupumzika kidogo tu. Unaweza kuacha pete mbili kwa mwaka mmoja, au usiache hata moja inayoonekana kwa macho.

Ndiyo maana elimu ya pete za miti ilizaliwa mbali na Buhaya. A. E. Douglass, mtaalamu wa nyota huko Arizona, Marekani, aliianzisha mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuchunguza misonobari ya nchi kame. Pete nene ilimwambia mwaka wa mvua, pete nyembamba mwaka wa ukame. Mpangilio huo ulifanana kutoka mti mmoja hadi mwingine, kiasi kwamba aliweza kuunganisha mti ulio hai na boriti ya nyumba iliyohamwa karne nyingi nyuma. Kwetu, mwaka 2001 Valerie Trouet na wenzake walichapisha utafiti wa pete za miti ya miombo ya Afrika Mashariki, wakitafuta humo alama za El Niño. Wanafunzi wa Kagera tunaosoma mambo haya tunazoea kuambiwa kwamba misitu yetu ina unyevu mno kwa kazi hiyo.

Hata hivyo, jambo linalobishaniwa kuliko yote katika historia ya kale ya Buhaya linategemea pete za miti. Jambo hilo ni umri wa chuma.

Pale Katuruka, karibu na Maruku, wazee walihifadhi habari za Omukama Rugomora Mahe, aliyewaita wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni. Mnara ukaanguka. Mahali penyewe paliitwa Kaiija, yaani mahali pa uhunzi, na palikuwa na mti mkubwa ulioheshimiwa. Mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba pale wazee walipomwonyesha, akakuta mabaki ya kazi ya chuma na mkaa. Mkaa ulipopimwa kwa kaboni-14, baadhi yake ulionyesha umri wa karibu miaka 500 Kabla ya Kristo. Rugomora Mahe anakadiriwa kuishi karne ya 17. Kumbukumbu ya mahali, basi, ilikuwa imeizidi nasaba ya mfalme kwa zaidi ya miaka 2,000.

Habari hizo zilienea. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani walijenga tanuru na kuonyesha kazi yao. Miaka miwili baadaye Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba ufundi huo ulikuwa wa hali ya juu, na tanuru liliweza kutoa hata chuma cha pua. Tangu hapo, kila baada ya muda habari inazunguka mitandaoni kwamba Wahaya walitengeneza chuma cha pua kabla ya Ulaya. Wengine wanaisambaza kwa fahari, wengine wanaicheka. Wachache wanauliza tarehe yenyewe ilipatikanaje.

Ilipatikana hivi. Kiumbe kilicho hai hupokea kaboni-14 kutoka hewani. Kikifa, kaboni hiyo hupungua kwa kasi inayojulikana. Willard Libby, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960 kwa kubuni kipimo hiki, alichukulia kwamba kiasi chake hewani hakikubadilika. Kumbe kilibadilika. Waliotoa ushahidi ni misonobari ya kale ya milima ya California, ambayo mingine ina zaidi ya miaka 4,800, pamoja na mialoni ya Ireland na Ujerumani. Kila pete ilihifadhi hewa ya mwaka wake. Wataalamu walizihesabu moja moja, wakapima kaboni yake, wakachora mstari wa kusahihishia tarehe za dunia nzima. Mkaa wa Katuruka nao husahihishwa kwa miti ambayo haijawahi kunyeshewa na mvua ya Kagera.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Kati ya takriban mwaka 750 na 400 KK mstari huo umelala karibu bapa. Mkaa wa mwaka 700 na mkaa wa mwaka 450 hutoa jibu linalokaribiana sana, hata mashine ikiwa bora. Tarehe ya Katuruka imeangukia humo humo. Zaidi ya hayo, kaboni hupima mwaka pete ilipoota. Haipimi siku moto ulipowashwa. Mhunzi akichoma kiini cha mti wa miaka 200, mkaa wake utasema uongo wa miaka 200. Kwa sababu za namna hii, mwaka 1987 Bernard Clist alizihoji tarehe za mwanzo kabisa za chuma katika eneo la Maziwa Makuu.

Je, hoja hizi zinawapokonya wazee wa Katuruka ushindi wao? Sioni hivyo. Hata ukiondoa karne mbili au tatu, chuma cha Buhaya kinabaki cha kale sana, na matanuru ya Kemondo yanathibitisha kwamba kazi iliendelea katika karne za kwanza Baada ya Kristo. Kinachopotea ni ile namba moja nzuri ya kubandika kwenye picha mtandaoni. Historia yetu haihitaji namba isiyoweza kujitetea.

Swali lililobaki ni la misitu. Kila tanuru lilikula miti. Schmidt alisema kwamba wahunzi na wakulima, kwa karne nyingi, walichangia kuumaliza msitu wa ukanda huu wa ziwa. Leo, ukitoka Bukoba kwenda Muleba, unapita rweya, nyasi ambazo hata ndizi hazizipendi, na juu yake watu wamepanda misonobari na mikaratusi.

Miti michache ya zamani iliyosalia bado inaweza kusomwa. Majaribio ya nyuklia yaliongeza kaboni-14 hewani hadi kilele mnamo miaka ya 1963 hadi 1965, na alama hiyo imo katika kila mti uliokuwa hai, wenye pete au usio na pete. Miaka hiyo hiyo, kuanzia 1961 hadi 1964, Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 baada ya mvua kubwa. Mti wa Bukoba au Muleba uliopita kipindi hicho unabeba tarehe na mvua katika ubao mmoja. Kipande chembamba cha shina lake, kikihifadhiwa kabla ya gogo kugeuzwa mkaa, kinatosha kuanzia kazi.