Brashi ya Mtutu na Zama Zake

Vifaa vya kusafishia bunduki mara nyingi havina chapa ya kiwanda. Ndiyo maana brashi ya mtutu ikikutwa kwenye rundo la vyuma chakavu, Igogo au kwingineko Mwanza, hupimwa kwa kilo na kusahaulika. Hasara hiyo inaniuma, kwani brashi hueleza bunduki ilitumia baruti gani, na baruti hutaja zama.

John Speke alipolifikia Ziwa Victoria hapa Mwanza Agosti 1858, bunduki nyingi za misafara zilishindiliwa mdomoni. Mdeki ulikuwa na kazi mbili: kushindilia baruti, kisha kuupangusa mtutu kwa kitambaa. Baruti nyeusi huacha masizi mazito yenye kuvuta unyevu, ila maji ya moto huyaondoa, mafuta hufuata. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliwabania Waafrika bunduki za kisasa, ukaacha mlango kwa gumegume. Kwa hiyo gobori na mdeki wake vilidumu huku bara wakati Ulaya imekwisha kuviacha.

Shotigani inayofunguliwa nyuma ilileta seti kamili: fimbo ya mbao ya vipande vitatu vinavyoungwa kwa parafujo za shaba, brashi ya waya ya kukwangua risasi iliyoganda, na kichwa cha sufi cha kupakia mafuta. Hapa wengi hukosea namba ya upana wa mtutu. Namba 12 ni nene kuliko 16, kwa sababu asili yake ni idadi ya gololi za risasi zenye upana wa mtutu zinazotoka katika ratili moja. Mtutu wa 12 una upana wa milimita 18.5 hivi. Brashi ya 16 hupwaya humo.

Mwaka 1928 reli ilifika Mwanza, na mwaka huohuo kampuni ya RWS ya Ujerumani ilileta fataki za Sinoxid, zisizoleta kutu. Fataki za awali zilikuwa na klorati ya potasiamu, iliyoacha chumvi ndani ya mtutu. Mafuta peke yake hayaiondoi chumvi hiyo; ni lazima maji tena. Kwa unyevu wa ziwani, mwenye bunduki aliyelala bila kuiosha aliamkia kutu.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni nyuzi za brashi. Nailoni ilitangazwa na DuPont mwaka 1938, basi brashi ya nailoni haiwezi kuwa ya enzi ya Wajerumani, hata muuzaji aape. Waya wa shaba hauthibitishi lolote ukiwa peke yake, kwani hadi leo unatengenezwa. Tazama na fimbo: mbao na shaba kwa kawaida hutangulia alumini na plastiki.

Ukiipata brashi ya zamani, usiisugue ing'ae. Masizi yaliyonasa katikati ya nyuzi ni sehemu ya ushahidi, na fimbo iliyotengwa na brashi yake hupoteza nusu ya habari zake.