Unasihi wa Uraibu wa Kamari

Unasihi wa uraibu wa kamari ni tawi la unasihi linalomhudumia mtu aliyeshindwa kuudhibiti uchezaji wake wa kamari hata pale anapoona wazi kwamba unamharibia fedha, kazi, ndoa na afya. Mnasihi wa tawi hili kwa kawaida huanza kwa kufuzu kuwahudumia waraibu wa vileo na dawa za kulevya, kisha hujifunza kwa nyongeza mambo yanayoihusu kamari peke yake. Jijini Dar es Salaam haja ya utaalamu huu huonekana waziwazi Kariakoo, ambako fedha huzunguka mikononi na kwenye simu tangu alfajiri, na ambako mtaji wa mmachinga, yaani mchuuzi wa mtaani, unaweza kuishia wote kwenye mkeka, ambao ni ubashiri wa mechi kadhaa zilizounganishwa kwa dau moja.

Msingi wa kitabibu

Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliitambua kamari iliyopindukia kuwa ugonjwa, kikaiweka katika kundi la matatizo ya kushindwa kujizuia. Mwongozo wake wa mwaka 2013 ukaihamishia katika kundi la uraibu, pamoja na pombe na dawa za kulevya. Kwa mujibu wa mwongozo huo, mgonjwa ni yule mwenye angalau dalili 4 kati ya 9 katika kipindi cha miezi 12, zikiwemo kupandisha dau ili kupata msisimko uleule, kurudi kufukuzia hela iliyoliwa, kuwaficha jamaa ukweli, na kutegemea wengine wamlipie madeni.

Hazina iliyopo jijini

Dar es Salaam ina uzoefu wa kutosha wa kuanzia. Kliniki ya methadoni, dawa inayonywewa kila siku, kwa kawaida mbele ya mhudumu, ili kumwondolea mraibu wa heroini arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, ilifunguliwa katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, ikafuatiwa na ya Mwananyamala mwaka 2012 na ya Temeke mwaka 2014. Katika huduma za aina hii mnasihi hujifunza kumsikiliza mgonjwa bila kumhukumu, kuirudisha familia karibu naye, na kumpokea upya anaporudia matumizi, stadi ambazo mraibu wa kamari anazihitaji vilevile.

Tofauti ya kamari

Hata hivyo, kamari haina harufu wala haionekani kwenye kipimo cha mkojo, na haina dawa inayoshika nafasi ya methadoni. Ushahidi wake hupatikana zaidi katika taarifa ya miamala ya simu, ambayo mgonjwa huombwa aifungue kwa hiari yake na kuipitia pamoja na mnasihi. Jambo zito zaidi ni kwamba mraibu wa heroini hushauriwa akae mbali kabisa na dawa na kijiwe chake, lakini mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hawezi kukaa mbali na fedha wala simu, kwa kuwa ndizo zana zake za kazi. Kwa hiyo tiba humfundisha kuishi na kichocheo chenyewe kila siku, kwa mfano kwa kumkabidhi mtu anayemwamini mauzo ya jioni, au kununua mzigo mara tu fedha inapoingia.

Mafunzo ya ziada

Mafunzo ya utaalamu huu hugusa mambo manne. La kwanza ni uchunguzi, ambao hutumia vipimo kama dodoso la maswali 9 lililoandaliwa Kanada mwaka 2001, ambalo alama 8 na kuendelea huashiria tatizo kubwa. La pili ni tiba ya fikra na tabia, inayomsaidia mgonjwa kuona kwamba mkeka uliochanika kwa timu moja ni hasara kamili, wala si dalili kwamba ushindi umekaribia. La tatu ni madeni, kuanzia marejesho ya vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopeshana, hadi mikopo ya riba kali iitwayo kausha damu, kwa sababu mgonjwa asiyekuwa na mpango wa kulipa hushawishika kucheza tena ili alipe. La nne ni hatari ya kujiua, ambayo lazima iulizwe bila kuzungukazunguka, kwani aibu na deni vikikutana huweza kumfikisha mtu pabaya.

Kinga

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya kusimamia michezo hiyo, na watu walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kucheza. Sheria hulinda mlango. Anayeweza kumfuata aliyekwisha kuingia ni mnasihi. Kwa kuwa Uislamu umeiharamisha kamari, na makanisa mengi huikemea, wagonjwa wengi huficha hali yao mpaka mtaji umekwisha. Hivyo mnasihi wa Kariakoo hana budi kushirikiana na viongozi wa dini, wa vikoba na wa wamachinga, ili wanaoziona dalili mapema wajue pa kumpeleka mwenzao. Kuwaongezea ujuzi huu wanasihi ambao waraibu wa jiji wamekwisha kuwaamini ndiyo njia fupi ya kuifikisha tiba kwa mchuuzi angali na mtaji wa kuokoa.