Kimondo cha Mbozi na Jiwe la Ivuna
Kiswahili huita kimondo ule mwanga unaokatiza angani usiku na pia jiwe lenyewe linalofika ardhini. Mawe mashuhuri ya aina hiyo nchini Tanzania yako kusini, upande wa Ziwa Rukwa. Kimondo cha Mbozi, kilichopo kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kilifahamika kwa wenyeji kabla ya mpima ardhi W. H. Nott kukitangaza mwaka 1930. Ni pande la chuma kilichochanganyika na nikeli, lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, na ugumu wake ulidhihirika Desemba mwaka huohuo, pale mwanajiolojia D. R. Grantham alipokereza kwa msumeno wa chuma saa 10 nzima ili kupata kipande cha sentimita 10 tu.

Jiwe la Ivuna, lililoanguka tarehe 16 Desemba 1938, lilikuwa na gramu 705, jeusi na jepesi kumeguka. Hata hivyo wataalamu hulithamini mno, kwa kuwa kemia yake, ukiacha gesi, inakaribiana na ya jua, na kundi lake, yaani vimondo vya kaboni vya aina ya Ivuna, limepewa jina la Ivuna, mahali jiwe hilo lilipoangukia. Mwaka 2008 Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia la London lilijipatia gramu 202 zake kutoka katika mkusanyo wa mtu binafsi.