Njia ya Wamisheni, Njia ya Wazazi

Ukitoka Mwaya kwenda Rungwe, mwanzo wa njia ni tambarare tupu. Unauacha mchanga wa Ziwa Nyasa, unapita mashamba ya mpunga na migomba, Ipyana, kisha mji wa Kyela, ndipo unapoanza kupanda kuelekea Tukuyu. Nimeifuata njia hii nikitafuta habari za wanawake, maana maandiko yake ya zamani yamejaa wanaume. James Elton, konseli wa Uingereza, alipita nchi ya Wanyakyusa mwaka 1877. Mwaka 1891 walikuja wamisheni wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky, na Wamoravian wa Theodor Meyer, waliojenga Rungwe. Mwaka 1894 Wamoravian wakafungua kituo bondeni, Ipyana.

Wanawake waliowapokea watoto wa bonde hili miaka hiyo yote hawakuandikwa majina.

Aliyeyatazama kwa makini mambo ya uzazi huku alikuwa mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi kwa Wanyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey. Kitabu chake cha 1957 kuhusu matambiko ya ukoo kinaonyesha kwamba kuzaa halikuwa jambo la mwili wa mama peke yake. Mapacha, ipasa, walihofiwa: wazazi wao walitengwa na ndugu mpaka dawa na tambiko vikamilike. Mke alimwepuka baba mkwe wake, hata jina lake hakulitaja. Katika nyumba ya namna hiyo, anayekuzalisha lazima ajue nani aingie, nani akae mbali na nini kifanywe mambo yakienda kombo. Mkunga wa jirani aliyajua hayo bila kuelezwa.

Serikali nayo ilimkubali. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 kuhusu huduma ya afya ya msingi, wakunga wa jadi walipewa mafunzo nchini kote, wakafundishwa kutumia wembe mpya, uzi safi na sabuni. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani, pamoja na vyama vya kimataifa vya wakunga na madaktari wa uzazi, likatamka kuwa mkunga wa jadi, hata aliyefunzwa, si mtaalamu wa kuzalisha. Tamko lile lilikuwa sahihi. Damu ikimwagika baada ya kujifungua, mama anaweza kufa ndani ya saa mbili, na mikono mitupu haitoshi kuizuia. Mtoto akikwama, mara nyingi upasuaji ndio utakaowaokoa wote wawili. Lakini mwanamke aliyekuwa akiambiwa amwamini mkunga akaambiwa ghafla amkwepe, na wachache walikaa naye kumweleza kwa nini.

Kwa nini basi wengine bado huzalia kwa mkunga wa jadi? Kawaida tunasema ni umbali. Kweli, masika Kyela si mchezo: Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika, na bodaboda haivuki. Ila Ipyana iko karibu na hospitali ya wilaya pale mjini. Hapa umbali hautoshi kuwa jibu.

Zipo gharama. Huduma ya mjamzito ni bure kwa sera ya serikali, lakini mara nyingi mama huambiwa aje na glovu, pamba, wembe na mpira wa kujifungulia, na nauli anaitafuta mwenyewe. Mkunga hungoja mpaka mpunga uvunwe, au hupokea kuku. Kuna na aibu: kuvuliwa nguo mbele ya kijana usiyemjua, kufokewa kwa sababu umelia. Sioni ujinga wowote kwa mwanamke anayeyapima hayo usiku wa uchungu akachagua mikono anayoifahamu. Naona hatari kubwa, na naona kwamba tumemwachia aibebe peke yake.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa takribani watoto 81 kati ya kila 100 huzaliwa kwenye vituo vya afya. Mwaka 2010 walikuwa nusu tu. Wanawake wameitika wito. Hao waliobaki hawatavutwa kwa faini wala kwa kumtisha bibi aliyewazalisha mama zao. Kigoma, shirika la Thamini Uhai lilifanya jambo jingine: lilimruhusu mama aingie wodi ya wazazi na mwanamke wa kumshika mkono, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tena mwaka 2018. Ningependa kuliona Ipyana, na yule mkunga wa kijijini awe wa kwanza kuitwa ndani.