Reli ya Mfano na Barabara ya Udongo

Ukiunda mfano wa reli, weka stesheni ya Kisumu upande mmoja wa meza, na Shirere ya Kakamega upande wa pili. Ila reli usiifikishe huko. Garimoshi lilifika Kisumu mwaka 1901. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, aliyeshuka Kisumu alikuwa bado na safari ya kilomita 50 hivi barabarani. Basi chekecha udongo mwekundu mkavu, uunyunyize juu ya gundi. Inua mgongo wa barabara katikati, chimba mitaro kandoni, kwa maana mvua za huko ni nyingi. Kisha chora kwa kijiti alama za magurudumu. Mfano usio na barabara hiyo utapendeza macho, lakini utawasahau waliotembea.