Nani Alimsikiliza Mzazi? Historia Fupi ya Msaada kwa Watoto Wenye Tofauti za Ukuaji

Ninapofundisha historia ya sera za jamii, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa, na mara nyingi muulizaji ni mzazi au mtu mwenye mdogo wake nyumbani. Mtoto akichelewa kusema, akishindwa kusoma ilhali wenzake wanasoma, au akikaa kana kwamba hawaoni walio karibu naye, mzazi aende wapi? Aliyeuliza hatafuti falsafa. Anataka jina la ofisi, jina la mtu na jambo la kufanya kesho asubuhi.

Mimi si daktari wala mtaalamu wa elimu maalumu, hivyo nalijibu kwa njia ninayoimudu, yaani historia. Hoja yangu ni kwamba msaada uliowafaa watoto hawa ulianza kila mara pale mwenye mamlaka alipokubali kuwa mzazi anajua jambo ambalo ofisi hailijui. Mahali ambapo hilo halikutokea, sheria nzuri ziliandikwa na watoto wakabaki nyumbani. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tunautumia msemo huo tunapoomboleza, lakini ni nadra kuutumia tunapopanga sera.

Watoto waliotangazwa kuwa hawafundishiki

Nianze na Uingereza, kwa sababu fikra za watawala wetu wa kikoloni zilitoka huko. Mwaka 1913 Bunge la nchi hiyo lilipitisha Sheria ya Upungufu wa Akili, iliyowapanga watu katika madaraja kwa majina ambayo leo ni matusi. Sheria ya Elimu ya 1944, inayosifiwa kwa kuwafungulia watoto wa wafanyakazi milango ya shule za sekondari, ilibakiza kifungu kilichoruhusu mamlaka za elimu kumtangaza mtoto kuwa hafundishiki. Mtoto wa aina hiyo aliondolewa mikononi mwa idara ya elimu akakabidhiwa idara ya afya. Mzazi wake aliachiwa mambo mawili: ampeleke katika hospitali kubwa za kutengwa, au abaki naye nyumbani bila msaada.

Miaka miwili baadaye, mnamo 1946, mama mmoja aitwaye Judy Fryd, ambaye binti yake alikuwa na ulemavu wa akili, aliandika barua katika jarida la Nursery World akiwaita wazazi wenye hali kama yake. Wazazi waliitika. Wakaunda chama ambacho leo kinajulikana kwa jina la Mencap. Chama hicho hakikuishia kulalamika, bali kilichangia fedha za utafiti. Mwaka 1958 mtaalamu wa saikolojia Jack Tizard aliwachukua watoto 16 kutoka katika wodi za hospitali moja kubwa ya London akawaweka katika nyumba ya kawaida iliyoitwa Brooklands, wakilelewa katika makundi madogo, wakicheza na kuzungumziwa kama watoto wengine. Baada ya miaka miwili lugha yao ilikuwa imesonga mbele kuliko ya wenzao waliobaki wodini. Yaani sehemu ya kile kilichoitwa upungufu wa mtoto kilikuwa upungufu wa malezi aliyopewa. Kifungu cha watoto wasiofundishika kilifutwa kwa sheria ya mwaka 1970, iliyoanza kutumika Aprili 1971. Kutoka barua ya mama yule hadi sheria hiyo ilipita miaka 24, na huo ndio utoto mzima wa mtu.

Lawama iliyotupwa kwa mama

Marekani ilikuwa na kikwazo kingine. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner alichapisha maelezo ya watoto 11 wenye hali ambayo leo kwa Kiswahili tunaiita usonji. Kanner aliandika pia kuhusu ubaridi wa wazazi wa watoto hao, na katika miaka iliyofuata likazuka wazo kwamba usonji husababishwa na mama asiyempenda mwanawe. Bruno Bettelheim alilieneza wazo hilo kwa kitabu chake cha mwaka 1967, na akina mama wengi waliambiwa na wataalamu kuwa wao ndio ugonjwa wa watoto wao.

Aliyelivunja wazo hilo alikuwa baba. Bernard Rimland, mwanasaikolojia mwenye mtoto wa kiume mwenye usonji, alichapisha kitabu mwaka 1964 akionyesha kwamba chanzo kitafutwe katika ubongo na maumbile. Mwaka uliofuata alishiriki kuanzisha chama cha kitaifa cha wazazi. Uingereza nako wazazi walikuwa wameunda chama chao mwaka 1962, miongoni mwao Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili ambaye naye alikuwa mama wa mtoto mwenye usonji. Utafiti wake uliibadili namna dunia nzima inavyoielewa hali hiyo.

Nimelieleza hili kwa sababu lawama hiyo tunayo hata kwetu, ila imevaa nguo nyingine. Kwetu mama haambiwi kuwa ni baridi. Huambiwa kwamba amelaaniwa, kwamba alivunja mwiko alipokuwa mjamzito, au kwamba ukoo wao una jambo. Matokeo ni yale yale: anayelaumiwa hufichama, na anayefichama hawezi kuuliza njia.

Pale tathmini inapogeuka jalala

Msomaji asidhani kwamba kumtambua mtoto mapema ni heri katika kila hali. Mwaka 1971, mwaka ule ule ambao watoto wa Uingereza walihakikishiwa shule, mwalimu kutoka Grenada aitwaye Bernard Coard alichapisha kijitabu kilichoonyesha jinsi watoto wenye asili ya visiwa vya Karibi walivyokuwa wakirundikwa katika shule za waliohesabiwa kuwa na akili pungufu. Vipimo vilitumia lugha na mambo ya nyumba za Waingereza weupe, na mtoto ambaye hakuyajua alihukumiwa kuwa mzito wa akili. Wazazi weusi walijibu kwa kuimarisha madarasa yao ya Jumamosi.

Funzo hilo linatuhusu sana. Mtoto anayezungumza Kigiriama au Kiluo nyumbani, akapimwa kwa maswali ya Kiingereza na picha za vitu ambavyo hajawahi kuviona, hajapimwa akili. Amepimwa umbali wa kwao kutoka mjini. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na kipimo kisichojua hivyo humdhuru mtoto kuliko kutopimwa kabisa.

Mlango uliofunguliwa mwaka 1984

Kwetu, makanisa ndiyo yaliyotangulia. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona Thika mwaka 1946, na Kanisa la Anglikana likafanya hivyo Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Ulemavu unaoonekana kwa macho ulipata shule mapema. Mtoto ambaye tofauti yake iko katika kuelewa, kusema au kusoma alisubiri.

Baada ya uhuru, kamati iliyoongozwa na Waziri Ngala Mwendwa mwaka 1964 ilichunguza matunzo na urekebishaji wa walemavu nchini Kenya, na mapendekezo yake yakazaa Waraka wa Bunge nambari 5 wa mwaka 1968. Mkazo wake mkubwa ulikuwa kumrudisha mtu kazini. Mtoto aliyechelewa kusema hakuwa katika kitovu cha mjadala. Tanzania nayo, baada ya Azimio la Musoma la 1974, ilianza mwaka 1977 kutekeleza elimu ya msingi kwa wote. Hata hivyo, neno “wote” halikuja na walimu wa kutosha waliojua kumfundisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo.

Hatua ambayo mimi naiona kuwa kubwa zaidi katika historia yetu haisimuliwi sana. Mwaka 1984, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Denmark, Kenya ilianzisha vituo vya tathmini na nyenzo za elimu katika wilaya. Kazi yake ilikuwa kumpokea mtoto pamoja na mzazi wake, kumchunguza, kumshauri mzazi namna ya kumlea, na kumwelekeza katika shule au darasa linalomfaa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1986, ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyopo Kasarani, Nairobi, ili kufunza walimu wa kazi hiyo. Tanzania imekuwa ikiwaandaa walimu wa namna hiyo katika Chuo cha Patandi, Arusha.

Upekee wa vituo vile ni kwamba katika mpango wake mzazi hakuwa mleta mtoto tu. Alikuwa mteja halali wa serikali. Bado vipo katika kaunti zetu. Ukiwauliza wananchi kumi walio kwenye foleni ya kliniki ya watoto kituo chao kiko wapi, sidhani kama utapata wawili wenye jibu.

Sheria zilifuata kwa wingi. Tamko la Salamanca la 1994 liliidhinishwa na wajumbe wa serikali 92. Kenya ilipata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2003, mwaka ule ule ambao elimu ya msingi bila malipo ilijaza madarasa kupita kiasi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 uliridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 54, inamhakikishia mtu mwenye ulemavu nafasi katika taasisi za elimu. Siyadharau maandishi haya, kwa maana mwanaharakati asiye na sheria mkononi hana pa kusimamia. Lakini haki ambayo mwenyewe hajui dirisha la kuidai hubaki kitabuni.

Nyenzo zilizo karibu kuliko tunavyodhani

Baadhi ya nyenzo bora zimetengenezwa au kujaribiwa hapa hapa. Katika miaka ya themanini wataalamu walibuni orodha ya maswali kumi ya kumuuliza mzazi wa mtoto wa kati ya miaka 2 na 9. Je, ukimlinganisha na wenzake, alichelewa kukaa, kusimama au kutembea? Ukimwambia jambo, anaelewa? Hujifunza kufanya mambo kama watoto wa rika lake? Huwahi kupatwa na kifafa au kuzimia? Orodha hiyo ilijaribiwa Bangladesh, Jamaika na Pakistani, kisha Kilifi, na matokeo ya Kilifi yakachapishwa mwaka 2004. Haitoi jina la hali aliyo nayo mtoto, na hunasa tofauti kubwa vizuri kuliko zile ndogo. Anayenaswa lazima achunguzwe zaidi. Lakini haihitaji mashine wala daktari. Huhitaji mtu wa kuuliza, na mzazi wa kuaminiwa.

Kilifi pia ndiko Amina Abubakar na wenzake walikounda kipimo cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35, kilichochapishwa mwaka 2008, kwa kutumia vitu na lugha ambazo mtoto wa Pwani anazijua. Hilo ndilo jibu letu kwa tatizo lililofichuliwa na Coard.

Kisha kuna mafunzo kwa walezi ya Shirika la Afya Duniani, yaliyotolewa rasmi mwaka 2022 baada ya kujaribiwa katika nchi kadhaa, Ethiopia ikiwemo. Ni vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, vinavyoongozwa na watu wasiohitaji kuwa mabingwa. Mzazi hujifunza kuigeuza kazi ya kila siku, kama kuosha vyombo au kuvaa nguo, kuwa nafasi ya kuwasiliana na mwanawe. Ni wazo lile lile la Brooklands, safari hii likiwa mikononi mwa mzazi mwenyewe.

Tunalopaswa kudai

Kwa hiyo sikubali tunapoambiwa kwamba tatizo letu ni kukosa utaalamu. Wataalamu ni wachache, ni kweli, lakini vituo vipo, maswali yapo, vipimo vipo na mafunzo yapo. Kilichokatika ni njia inayomtoa mama kwenye wasiwasi wake wa kwanza hadi kwenye kituo hicho. Katika pengo hilo hupotea miaka ambayo ubongo wa mtoto hufundishika kwa wepesi zaidi.

Mtumishi wa umma anayesoma haya hana haja ya kungoja sera mpya. Muuguzi anayempima mtoto uzito anaweza kufundishwa kuuliza yale maswali kumi. Mwalimu wa darasa la kwanza anaweza kukatazwa kuandika “mvivu” kwenye ripoti ya mtoto asiyesoma kabla ya kumwelekeza kwenye tathmini. Wanaharakati wana kazi ya kuvidai vituo vya mwaka 1984 kwa jina, kwa kuuliza katika vikao vya bajeti ya kaunti kila kimoja kina watumishi wangapi, kina usafiri wa kuwafikia watoto wa vijijini au hakina, na kinapima kwa lugha gani. Wanafunzi wangu wa historia nao waanze kukusanya masimulizi ya wazazi waliovipitia, kwa sababu hayo hayamo katika nyaraka.

Mahali pa kuanzia ni ukuta wa kila kliniki ya watoto. Pale ambapo pamebandikwa ratiba ya chanjo, pabandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji mahali kilipo kituo cha tathmini, siku kinapofunguliwa, na jina la cheo cha mtu wa kumuulizia.