Sheria, Zege na Makazi ya Ghorofa Katikati ya Dar es Salaam

Kuongezeka kwa majengo marefu ya makazi katikati ya Dar es Salaam, hasa katika maeneo ya Kisutu, Upanga, Mchafukoge na Kariakoo, huelezwa kwa kawaida kuwa ni matokeo ya wingi wa watu na uhaba wa viwanja. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi, kwa sababu watu walikuwa wengi na viwanja vilikuwa haba miongo kadhaa kabla ya ghorofa hizo kuanza kuchipua, na kwa muda mrefu mji ule ulibaki na nyumba za chini na majengo ya ghorofa mbili, tatu au nne. Historia ya mji inaonyesha kwamba urefu wa nyumba ulitegemea zaidi sheria iliyoamua nani anaruhusiwa kujenga nini, kwenye ardhi ya nani, na kwa dhamana gani.

Ujenzi wa ghorofa hapo pwani ulianza pamoja na mji wenyewe. Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, alianza katika miaka ya 1860 kujenga mji mpya kando ya kijiji cha Mzizima, akikusudia uwe bandari na kituo cha biashara ya bara. Jengo linaloitwa leo Boma la Kale, lililopo ng'ambo ya barabara kutoka bandarini, ni mabaki ya kazi hiyo, na linaonyesha ufundi wa pwani ulivyokuwa: kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, na juu yake sakafu ya ghorofa iliyobebwa na boriti, yaani magogo ya mikoko yaliyopangwa kwa ukaribu kutoka ukuta hadi ukuta. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, na uzito wa mawe ndio uliopanga idadi ya ghorofa, kwa kuwa kila ghorofa iliyoongezwa ilidai ukuta mnene zaidi chini yake. Majid alifariki mwaka 1870, na mji ukadorora hadi Wajerumani walipohamishia hapo makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo mwaka 1891.

Mwaka huohuo wa 1891 utawala wa Kijerumani ulitoa kanuni za ujenzi zilizoanza kuugawa mji kwa kigezo cha aina ya nyumba. Eneo lililotazama bahari lilitengewa majengo ya mtindo wa Kizungu, eneo la biashara lililofuata likaruhusiwa nyumba za vifaa vya kudumu, na upande wa bara ndiko palipoachiwa nyumba za udongo na makuti. Waingereza, walioutwaa mji mwaka 1916, waliurithi mgawanyo huo na kuutia nguvu. Katika miaka ya 1920 walisafisha ukanda wa Mnazi Mmoja na kuuacha wazi, ili uwatenge wakazi wa Uhindini, yaani eneo la biashara walikoishi Wahindi, na wakazi wa Kariakoo, eneo lililopata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa kijeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kanuni hizo hazikutaja rangi ya mtu waziwazi kila mahali, bali zilitaja vifaa vya ujenzi. Lakini kwa kuwa vifaa vya kudumu viligharimu fedha ambazo Waafrika wengi walinyimwa njia ya kuzipata, matokeo yalikuwa yaleyale.

Nyumba ya Kariakoo, ambayo wataalamu huiita nyumba ya Kiswahili, ilijengwa kwa mpango unaotambulika hadi leo: baraza mbele, ukumbi mrefu wa katikati wenye vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma penye jiko, choo na mahali pa kufulia. Kuta zilisimamishwa kwa nguzo na fito zilizokandikwa udongo, na paa la makuti lilibadilishwa kuwa la mabati kadiri mwenye nyumba alivyopata uwezo. Nyumba ya namna hiyo ilimpa mwenyewe makazi na kipato kwa wakati mmoja, kwa sababu alikaa katika chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, na si wanaume peke yao waliokuwa wenye nyumba. Wanawake wengi wa Kariakoo waliishi kwa kodi ya vyumba vyao na kupata kwayo uhuru ambao kazi za mjini hazikuwapa. Ni mpango wenye busara kubwa, unaostahili heshima zaidi ya ile unayopewa na wanaouona kuwa hatua ya chini tu kuelekea ghorofa. Hata hivyo haukuweza kupanda juu. Udongo haubebi ghorofa, haki juu ya kiwanja ilikuwa ya muda mfupi, na sheria za kikoloni zilizozuia mikopo kwa Waafrika zilihakikisha kwamba hata aliyetaka kujenga kwa zege hakupata pa kukopa.

Upande wa pili wa Mnazi Mmoja mambo yalikwenda kinyume. Wafanyabiashara wenye asili ya India walijenga majengo ambayo ghorofa ya chini ilikuwa duka na ghorofa za juu zilikuwa makazi ya familia, na wengi wao waliandika mwaka wa ujenzi juu ya lango au kwenye kilele cha ukuta wa mbele, hivi kwamba anayepita katika mitaa ya Uhindini bado anaweza kusoma miaka ya 1930 na 1940 akiinua macho tu. Zege lililosukwa kwa nondo, yaani mchanganyiko wa saruji, mchanga na kokoto uliomwagwa juu ya vyuma, liliondoa mipaka ya boriti na ukuta mnene, likaruhusu roshani zinazotokeza juu ya njia na vyumba vipana zaidi. Fedha nazo zilikuwa na mikondo yake. Jumuiya za kidini zilikuwa na taasisi zao za mikopo, na mojawapo ilianzishwa na Waismailia mwaka 1945 kuelekea maadhimisho ya Almasi ya kiongozi wao wa kiroho, Aga Khan III, yaliyofanyika Dar es Salaam mwaka 1946. Upanga ilipopanuliwa katika miaka ya 1950, familia nyingi za Kihindi zilihamia huko, na mtindo wa kuishi ghorofani ukaacha kuwa kiambatisho cha duka.

Baada ya uhuru, serikali ilibadilisha misingi ya umiliki kwa hatua zilizofuatana haraka. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962 na kuanza kuondoa nyumba za udongo na kuweka za matofali. Mwaka 1963 umiliki huru wa ardhi, yaani ule usio na kikomo cha muda, ulibadilishwa kuwa ukodishaji kutoka serikalini. Na mwaka 1966 kiwanda cha Wazo Hill kikaanza kutoa saruji iliyosagwa nchini. Hatua iliyougusa mji wa kati kuliko zote ilikuja mwaka 1971, pale sheria ya utwaaji wa majengo ilipoiwezesha serikali kuchukua majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuwa wakiishi humo. Karibu majengo 3,000 ya Tanzania Bara yalichukuliwa, mengi sana yakiwa ya Watanzania na wakazi wenye asili ya Asia, na majengo yaliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi hayakulipiwa fidia. Yaliwekwa chini ya ofisi ya Msajili wa Majumba, na wakazi wakayaita kwa ufupi nyumba za Msajili.

Ni vigumu kuitathmini sheria hiyo kwa neno moja. Kwa upande mmoja ilivunja ukuta ambao kanuni za 1891 zilianza kuujenga, kwa kuwa kwa mara ya kwanza watumishi wa umma wa Kiafrika walipata kuishi kwa wingi katika majengo ya katikati ya mji, kwa kodi waliyoimudu. Kwa upande mwingine familia nyingi zilipoteza akiba ya maisha yao na kuondoka nchini, na majengo yenyewe yalianza kuchakaa, kwa sababu kodi iliyodhibitiwa haikutosha kulipia matengenezo na mpangaji hakuwa na sababu ya kutengeneza ngazi isiyo yake. Kwa karibu miaka ishirini hapakuwa na mtu binafsi ambaye ingemfaa kujenga ghorofa ya makazi ya kupangisha mjini, na ndiyo maana majengo mengi ya Uhindini yalibaki na urefu uleule wa mwaka 1960.

Mwaka 1990 ofisi ya Msajili iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lilijikuta likishika viwanja vya thamani kubwa vyenye majengo machovu na likikosa fedha za kuvijenga upya. Ufumbuzi uliotumika ulikuwa ubia: shirika lilitoa kiwanja, mwekezaji akatoa mtaji, jengo la zamani likabomolewa, na jengo jipya la ghorofa nyingi likagawanywa kati yao. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliweka wazi kwamba haki juu ya ardhi ina thamani ya fedha. Mwaka 2008 zilitungwa sheria mbili zilizokamilisha mabadiliko hayo, moja ya mikopo ya nyumba inayowekwa rehani na nyingine ya umiliki wa sehemu za majengo, iliyomwezesha mtu kupata hati ya fleti moja iliyo ghorofa ya tisa bila kumiliki kiwanja kizima kilicho chini yake. Bila hati ya namna hiyo mjenzi angelazimika kusubiri kodi kwa miongo ili arudishe fedha zake. Kwa hati hiyo aliweza kuuza fleti ambazo bado ni michoro, na malipo ya awali ya wanunuzi yakanunua nondo za ghorofa zinazofuata.

Ujenzi wa jengo la aina hiyo huanza kwa kuzungushia kiwanja mabati na kubandika kibao kinachotaja mmiliki pamoja na mbunifu majengo, mkadiriaji majenzi, mhandisi na mkandarasi, na kila mmoja wa wataalamu hao wanne hutakiwa kuwa amesajiliwa na bodi ya taaluma yake. Kazi ngumu zaidi haionekani kutoka barabarani. Sehemu kubwa ya mji wa kati imekaa juu ya mchanga na matumbawe, na maji ya chini ya ardhi hayako mbali, kwa hiyo shimo la maegesho ya chini hudai pampu zinazofanya kazi mchana na usiku, na kuta za muda za kuuzuia udongo usiporomoke pamoja na majengo ya jirani. Msingi ukishakamilika, kila ghorofa hupita hatua zilezile: mafundi husuka nondo za nguzo na za sakafu, maseremala hupanga mbao za kufinyangia zikishikiliwa na mirunda, zege humwagwa, kisha husubiriwa. Kipimo cha kawaida cha nguvu ya zege huchukuliwa siku ya 28, na sampuli za siku ya 7 hutoa dalili ya mapema tu. Kusubiri huko ndiko kunakomchosha mwekezaji anayelipa riba, na ndiko kunakoshawishi watu kuondoa mirunda mapema.

Gharama ya haraka ilionekana Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka na kuua watu 36, baadhi yao wakiwa watoto waliokuwa wakicheza jirani. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne lilianguka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20, na serikali ikaagiza majengo ya eneo hilo yakaguliwe. Waliokufa katika ajali hizi hawakushiriki kuamua idadi ya ghorofa wala ubora wa zege, na jambo hilo linapaswa kusemwa wazi kila historia ya ujenzi wa mji inapoandikwa.

Kariakoo yenyewe imebadilika kwa njia tofauti na Uhindini, kwa kuwa viwanja vyake vingi vilibaki mikononi mwa familia za Kiafrika. Nyumba ya vyumba sita iliyojengwa na bibi hurithiwa na watoto na wajukuu wengi, ambao hawawezi kuigawa wala kukubaliana kwa urahisi kuitengeneza. Baadhi huuza na kugawana fedha, wakahamia pembezoni mwa mji. Wengine huingia mkataba na mjenzi, ambaye hujenga ghorofa kadhaa, huwaachia warithi sehemu ya jengo, na kukusanya kodi ya sehemu iliyobaki kwa miaka waliyokubaliana. Mkataba huo ndio unaowaacha wenye mji mjini, lakini unadai wakili na msimamizi wa mirathi mwaminifu, na familia nyingi huusaini bila kumpata hata mmoja.

Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo iliweka pia kwamba ngazi, lifti, paa, matangi ya maji na mabomba ni mali ya wote walionunua sehemu za jengo, na kwamba wamiliki hao waunde chama cha kusimamia na kuchangia matunzo yake. Majengo mengi yaliyojengwa chini ya sheria hiyo bado ni mapya, na lifti zake hazijafikia umri wa kubadilishwa. Gharama hiyo, ambayo enzi za Msajili haikuwa na mwenyewe, sasa ina wenyewe makumi kadhaa ndani ya kila jengo, wakiwemo waliopangisha fleti zao na wanaoishi nje ya nchi.